Shaka ilikuwa ndani ya jalada: uchambuzi wa hukumu ya mauaji ya Cardiff, 1952

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya mawakili vijana, wasaidizi wa kisheria na familia zinazoamini kwamba ndugu yao alifungwa au alinyongwa kwa kosa la mtu mwingine. Majina ya wahusika sikuyataja, ya marehemu, ya mshtakiwa wala ya mashahidi. Miji, tarehe na mahakama nimevitaja, kwa sababu bila hivyo huwezi kuona jambo lilivyokwenda.

Watu wengi hudhani shaka juu ya hukumu ya zamani huzaliwa baadaye: shahidi anatubu, kipimo kipya kinagunduliwa, mtu mwingine anakiri akiwa kitandani mwake. Hapa haikuwa hivyo. Shaka ilikuwepo tangu wiki za mwanzo za upelelezi, imeandikwa kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya jalada la polisi. Hakuna aliyeifikisha mbele ya watu waliopewa kazi ya kuamua.

Usuli

Cardiff, kusini mwa Wales, ni bandari iliyotajirika kwa makaa ya mawe. Meli zake zilihitaji watu wa kulisha matanuri, na kazi hiyo ngumu iliwaangukia mabaharia kutoka Somaliland, Yemen, Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi. Walipanga vyumba na wengine wakaoa katika mtaa wa Butetown, uliojulikana zaidi kwa jina la Tiger Bay. Ulikuwa mtaa wa mchanganyiko wa aina yake, lakini nje ya mipaka yake watu hao waliangaliwa kwa jicho la dharau.

Mshtakiwa wetu alizaliwa Somaliland mwaka 1923, wakati nchi hiyo ikiwa chini ya Waingereza. Alikuwa baharia, akatia nanga Cardiff, na mwaka 1947 akaoa binti wa Kiwelshi. Mzungu kuolewa na Mwafrika miaka ile lilikuwa jambo la kutukanwa hadharani, na wawili hawa walitukanwa sana. Walipata watoto watatu wa kiume. Kufikia mwaka 1952 mume na mke walikuwa wakilala nyumba mbili tofauti katika mtaa mmoja, lakini hawakuwa wameachana. Hakuwa na kazi wakati huo. Kiingereza chake kilikuwa cha melini na bandarini, cha kuombea kazi na kununulia mkate. Kumbuka hilo tutakapofika mahakamani.

Kilichotokea

Jioni ya tarehe 6 Machi 1952, mwanamke mmoja mwenye duka katika barabara ya Bute alikuwa nyuma ya duka lake pamoja na jamaa zake. Alikuwa akiuza nguo na mahitaji ya mabaharia, na watu walijua kwamba hukopesha fedha. Kengele ya mlango ililia wakati wa chakula, akainuka kwenda kumsikiliza mteja. Jamaa zake walibaki chumba cha nyuma, mlango tu ukiwatenganisha. Muda mfupi baadaye alikutwa sakafuni, amekatwa koo. Kiasi cha pauni 100 kilikuwa kimechukuliwa.

Usiku uleule polisi walikuwa wakipita nyumba za mabaharia. Walifika chumbani kwa mshtakiwa saa chache baada ya mauaji, wakapekua. Hawakukuta fedha wala nguo yenye damu. Kata koo la mtu ukiwa umesimama karibu naye, kisha ufike nyumbani na ubaki bila tone la damu kwenye nguo zako: upekuzi ule wa kwanza ulipaswa kumfanya mpelelezi yeyote asite.

Familia ya marehemu ilitangaza zawadi ya pauni 200 kwa atakayesaidia mhalifu apatikane. Siku chache baadaye mshtakiwa alikamatwa, kisha akashtakiwa kwa mauaji. Kesi ilisikilizwa Swansea mwezi Julai, mbele ya jaji na jopo la raia 12, ikachukua siku tatu. Tarehe 24 Julai alitiwa hatiani na kuhukumiwa kunyongwa. Mwezi Agosti aliomba ruhusa ya kukata rufaa, ikakataliwa. Tarehe 3 Septemba 1952 alinyongwa katika gereza la Cardiff, akiwa na umri wa miaka 28. Tangu mauaji hadi kitanzi, miezi sita haikutimia.

Mkewe alikwenda gerezani kumtazama kama kawaida yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alikuta tangazo limebandikwa langoni, akasoma kwamba mumewe ameshanyongwa. Mwili ulizikwa ndani ya gereza, kama sheria ya wakati ule ilivyotaka.

Maamuzi yaliyofanyika, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa polisi: kumjenga mtuhumiwa mmoja na kukusanya kila kitu kinachomwelekea yeye. Sababu si ngumu kuielewa. Mauaji yalitokea eneo la bandari, gazeti linadai majibu, na watu waliokuwa karibu na duka walizungumzia mtu mweusi. Ukichukua maneno hayo na kuyapeleka Tiger Bay, kila mlango unaogonga una anayefanana nayo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa kumtegemea shahidi mmoja, fundi seremala mhamiaji, aliyedai kumwona mshtakiwa akitoka upande wa mlango wa duka. Bila yeye hakukuwa na kesi. Sehemu ya zawadi ile ya pauni 200 iliishia mikononi mwake, lakini jopo halikuelezwa kwamba maneno yake ya mwanzo kwa polisi yalikuwa tofauti na aliyoyasema kizimbani.

Ushahidi wa viatu ukaongezwa juu yake. Mtaalamu alisema ameona chembe za damu kwenye viatu vya mshtakiwa, ndogo kiasi cha kuonekana kwa darubini. Viatu hivyo vilikuwa vya mtumba. Vilishavaliwa na mtu mwingine kabla yake, na hakuna aliyeweza kusema damu hiyo ni ya nani au iliingia lini. Hata hivyo neno damu likishatamkwa na mtaalamu mahakamani, si rahisi kulifuta masikioni mwa wasikilizaji.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa utetezi, na huu ndio unaoniumiza kuliko yote. Mshtakiwa alitoa ushahidi bila mkalimani. Majibu yake yalikuwa mafupi na ya ubishi, saa na mahali alipokuwa havikulingana na vya mashahidi wengine, na baadhi ya aliyoyakanusha yalionekana wazi kuwa ya kweli. Wakili wake mwenyewe, akitaka kueleza kwa nini mteja wake alisema uongo, aliliambia jopo kwamba mtu huyu ni nusu mtoto wa maumbile na nusu mshenzi ambaye ustaarabu haujamkaa sawasawa. Inawezekana alidhani anamwombea huruma, kwamba watu watamwona kama asiyejua anachofanya. Lakini raia 12 waliokuwa wakiamua kama Mwafrika huyu amemchinja mwanamke dukani walimsikia mtetezi wake akimwita mshenzi. Mwendesha mashtaka hakuhitaji kuongeza neno.

Ambavyo jopo halikuviona

Maelezo ya kwanza ya yule fundi seremala kwa polisi yalimtaja Msomali mwenye jino la dhahabu. Mshtakiwa hakuwa na jino la dhahabu. Mtaani kulikuwa na Msomali mwingine mwenye nalo, na polisi walimjua na walimhoji wakati wa upelelezi.

Mashahidi wanne walishindwa kumtambua mshtakiwa kwenye gwaride la utambuzi, pale shahidi anapoonyeshwa watu waliopangwa mstari ili amchague aliyemwona. Mtoto wa kike wa miaka 12, aliyemwona mtu mweusi karibu na duka jioni ile, alionyeshwa mshtakiwa ana kwa ana, akasema siye. Hakuitwa mahakamani.

Karatasi hizi zilikuwepo siku kesi inasikilizwa. Wakili wa utetezi hakupewa, kwa hiyo hakuweza kumuuliza shahidi mkuu swali moja ambalo lingebadilisha kila kitu: lile jino ulilolieleza polisi liko wapi?

Matokeo

Mwaka 1954 yule Msomali mwingine alishtakiwa kwa kumuua karani mmoja. Mahakama ilimwona hana akili timamu, akapelekwa hospitali ya Broadmoor. Mwaka 1969 shahidi mkuu, yule fundi seremala, alitiwa hatiani kwa kujaribu kumuua binti yake mwenyewe kwa wembe. Familia ya aliyenyongwa iliona mlango umefunguka, ikaomba kesi iangaliwe upya. Waziri wa Mambo ya Ndani, ambaye pia alikuwa mbunge wa Cardiff, alikataa mwaka 1970. Hakuona sababu ya kufungua jalada.

Mjane hakunyamaza. Alilea watoto watatu katika mji ambao kila mtu alijua baba yao alinyongwa, na jina hilo liliwafuata shuleni na kazini. Mwaka 1996 familia ilipata ruhusa ya kuufukua mwili gerezani na kuuzika makaburini kama watu wengine.

Kisha Uingereza ilibadilisha utaratibu. Kwa sheria ya rufaa za jinai ya mwaka 1995 iliundwa tume huru ya kupitia hukumu zenye mashaka, ikaanza kazi Aprili 1997 mjini Birmingham. Kesi hii ilikuwa ya kwanza tume hiyo kuipeleka Mahakama ya Rufani. Tarehe 24 Februari 1998 majaji waliifuta hukumu. Jaji aliyeongoza jopo lao alisema kisa hiki kinaonyesha kwamba adhabu ya kifo pengine haikuwa hitimisho linalofaa kwa mfumo wa haki unaoendeshwa na binadamu, ambao hukosea. Familia ililipwa fidia ya pauni 725,000. Mjane alifariki mwaka 2008. Polisi wa Wales Kusini waliomba radhi rasmi Septemba 2022, miaka 70 baada ya kunyongwa, wakati yeye hayupo wa kuisikia.

Muuaji wa yule mwenye duka hajawahi kutiwa hatiani. Wanaozungumzia hukumu mbovu mara nyingi humsahau marehemu. Jamaa zake waliokuwa chumba cha nyuma waliambiwa haki imetendeka, na hawakupata haki yoyote.

Uchambuzi: palipoharibika

Ushahidi wa utambuzi ndio mguu ambao kesi nzima ilisimama juu yake, kwa hiyo tuukazie macho. Shahidi aliyeona usiku, kwa muda mfupi, mtu wa jamii ambayo watu wa mjini walizoea kuisema kwa jumla, anapaswa kupimwa kwa maneno yake ya kwanza kabisa. Maneno ya kwanza yana thamani kwa sababu yalisemwa kabla ya zawadi, kabla ya gazeti, na kabla ya shahidi kujua polisi wanamtaka nani. Shahidi huyu alibadilika kutoka mtu mwenye jino la dhahabu hadi mtu asiye nalo. Yawezekana alishawishiwa, yawezekana aliingiwa na tamaa, na yawezekana kabisa alijiaminisha mwenyewe. Hatuhitaji kujua lipi. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kumwondolea nguvu, kama jopo lingeisikia.

Wenzetu wa Afrika Mashariki walikuwa wakilifikiria jambo hilihili wakati uleule. Mwaka 1953, mwaka mmoja tu baada ya kitanzi cha Cardiff, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema katika kesi ya Abdallah bin Wendo kwamba ushahidi wa utambuzi wa shahidi mmoja lazima upimwe kwa uangalifu mkubwa kabisa, hasa pale mazingira ya kuona yalipokuwa magumu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikaongeza mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani, kwamba mahakama isiutegemee ushahidi wa aina hiyo mpaka kila uwezekano wa kumfananisha mtu umeondolewa. Uingereza yenyewe iliweka mwongozo wake rasmi kwa majaji mwaka 1976, katika kesi ya Turnbull. Kanuni hizi zote ni nzuri, lakini hazifanyi kazi kama wakili hana maelezo ya kwanza ya shahidi mkononi. Jaji hawezi kupima tofauti ambayo hajaonyeshwa.

Ndiyo maana naona kosa la kuficha karatasi ni kubwa kuliko kosa la shahidi. Shahidi anaweza kukosea kwa nia njema. Wanaoshika jalada walijua kuna watu wanne ambao hawakumtambua mtu huyu, na kuna mtoto aliyesema siye, wakaendelea kuomba anyongwe. Wajibu wa upande wa mashtaka kutoa nyaraka ulikuwa finyu wakati ule, na wapo wanaosema tusiwahukumu kwa kanuni za leo. Sikubaliani nao. Kuficha neno la mtoto aliyesema mtu huyu siye, huku ukiomba auawe, kulikuwa kosa hata mwaka 1952, na aliyelifanya alijua.

Uongo wa mshtakiwa ulichukuliwa kama kukiri. Lakini mtu mweusi asiye na kazi, anayegongewa usiku na polisi katika mtaa ambao polisi hawakuwa marafiki, ana sababu kumi za kusema hakuwa mahali fulani, na mauaji si lazima yawe mojawapo. Anaweza kuwa anaficha kamari, deni, mwanamke, au hofu tu. Wakili mzuri angemwekea mkalimani, angekaa naye, angetafuta sababu ya kila uongo na kuieleza. Huyu alichukua njia ya mkato na kumweleza kwa rangi yake.

Kasi nayo iliua. Siku 41 kutoka hukumu hadi kitanzi hazitoshi kwa shahidi kubadili mawazo wala kwa familia maskini kutafuta wakili mwingine. Mtu mwingine alishtakiwa kwa mauaji miaka miwili baadaye, na shahidi mkuu akafichuka miaka 17 baadaye. Mfungwa aliye hai angenufaika na yote mawili.

Uchambuzi: palipofaa

Machache, lakini yana uzito. Jalada halikuteketezwa. Karatasi zilizomwangamiza kwa kufichwa ndizo zilizomsafisha zilipotolewa.

La pili ni tofauti kati ya mwaka 1970 na mwaka 1998. Waziri aliyekataa alikuwa mwanasiasa, akishauriwa na maofisa wa serikali ileile iliyonyonga. Tume iliyokubali haikuwa chini ya waziri, na sheria iliipa nguvu ya kudai nyaraka kutoka kwa polisi na taasisi za umma bila kubembeleza. Ushahidi mzito kuliko wote, ule wa jino la dhahabu, ulikuwa uleule miaka yote miwili. Kilichobadilika ni nani anaruhusiwa kuusoma.

La tatu, Mahakama ya Rufani haikutaka ithibitishwe kwamba aliyenyongwa hana hatia. Iliuliza swali dogo zaidi: je, hukumu ile ni salama kuiegemea? Wanaotetea kesi za zamani mara nyingi hujichosha kumtafuta muuaji halisi. Katika kisa hiki watu wamemnyooshea kidole yule mwenye jino la dhahabu, na dalili zinazomwelekea ni nzito, lakini hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa mauaji haya, nami siwezi kumtia hatiani hapa kwa ushahidi wa nusu, kwani huo ndio mwendo uliomuua mtu wa kwanza.

Kwa anayeshika kesi ya namna hii kwetu

Anza na maelezo ya kwanza ya kila shahidi, uyaweke sambamba na aliyoyasema kizimbani, mstari kwa mstari. Tafuta kumbukumbu za gwaride la utambuzi, na usiishie kwa waliotambua. Uliza majina ya walioshindwa. Uliza nani alihojiwa lakini hakuitwa. Uliza mshtakiwa alitoa ushahidi kwa lugha gani na nani alimfasiria. Mmasai, Mhadzabe au Mturkana aliyejitetea kwa Kiswahili cha sokoni yuko mahali palepale alipokuwa yule Msomali na Kiingereza chake cha bandarini.

Ukishapata kitu, mlango wa kupitia si mmoja katika nchi zetu. Kenya, Ibara ya 50(6) ya Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu aliyetiwa hatiani kuiomba Mahakama Kuu kesi isikilizwe upya, ikiwa rufaa yake ilishatupwa na mahakama ya juu kabisa anayoweza kuifikia, au hakukata rufaa ndani ya muda, na umepatikana ushahidi mpya wenye nguvu. Tanzania, mapitio, yaani kuiomba Mahakama ya Rufani iangalie upya uamuzi wake yenyewe, yanaongozwa na kanuni ya 66 ya Kanuni za mahakama hiyo za mwaka 2009. Sababu zilizotajwa humo ni pamoja na kosa la wazi kwenye kumbukumbu, kunyimwa haki ya kusikilizwa, na hukumu iliyopatikana kwa hila au ushahidi wa uongo. Ushahidi mpya haukutajwa kama sababu inayojitegemea, na muda uliowekwa ni siku 60. Mwenye karatasi kama zile za Cardiff atalazimika kuzipitisha kwenye sababu ya hila au uongo, na kabla ya hapo aombe kuongezewa muda, akieleza kwa kiapo karatasi zilikuwa wapi, nani alizishika, na yeye alizijua lini.